Kashata haikatiki, kaimati zimelowa: tafuta kosa kwenye shira

Kashata, kaimati, visheti na ubuyu vimemlea kila aliyekulia pwani, na siku hizi hata bara vinauzwa kwenye mageti ya shule. Mahitaji yake ni machache na hayana gharama kubwa. Ndiyo maana inauma mtu anapokuna nazi mbili, akasimama jikoni saa nzima, halafu akaishia na uji mtamu kwenye sinia. Hapo lawama zinaanza: nazi mbovu, unga mbaya, jiko halina moto, mkono hauna baraka. Kabla hujalaumu chochote, angalia shira. Sehemu kubwa ya matatizo ya vitafunio hivi huanzia hapo, na mengi yanarekebishika bila kumwaga kitu.

Shira ni sukari na maji. Ikichemka, maji yanatoka kwa mvuke na sukari inabaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo joto linavyopanda. Shira ya kaimati iko karibu na nyuzi 105 za Selsiasi. Ya kashata ya nazi ni 114 hadi 116. Ya visheti inazidi hapo kidogo. Ya kashata ya karanga inafika 150 na kupita, na wakati huo maji yamekwisha karibu yote. Ona kwamba kati ya kaimati na kashata ya nazi kuna nyuzi kumi tu, na juu ya moto mkali nyuzi kumi zinapita ukiwa umegeuka kumjibu mtu.

Kipimajoto si lazima. Weka kikombe cha maji baridi kando ya jiko, uwe unadondosha tone la shira humo kila baada ya dakika moja. Tone likitawanyika na kupotea, bado. Likianza kutulia chini, chukua shira kidogo kwenye kijiko, iache ipoe kiasi cha kushikika, uibane kati ya kidole gumba na cha shahada kisha uviachanishe: ukiona uzi mmoja mwembamba, hiyo ni ya kaimati. Tone likikusanyika chini ya kikombe likawa kibonge laini kinachobonyea, hiyo ni ya kashata ya nazi. Kibonge kikishika umbo lake hata ukikitoa majini, umefika kwenye visheti. Tone likigonga maji likawa gumu papo hapo na kuvunjika kwa mlio, hiyo ni ya karanga.

Njia hii ina faida nyingine: inakwenda na mahali ulipo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo namba zote nilizotaja hapo juu zinashuka kwa nyuzi sita hivi. Anayepika Nairobi kwa namba za Mombasa atapata kashata ya kuvunja meno. Tone la shira kwenye maji baridi halina shida hiyo, uwe Lamu au Arusha.

Kashata ya nazi haishiki, inabaki laini

Umemwaga kwenye sinia, umesubiri, umesubiri tena, kisu kinapita na kashata inarudi kujifunga nyuma yake. Imetolewa mapema. Nazi ina maji yake mwenyewe, na maji hayo yanaingia kwenye shira ukishaichanganya, kwa hiyo hata kama shira ilikuwa imefika, nazi imeirudisha nyuma. Wengi hutoa sufuria kwa kuhesabu dakika zilizoandikwa kwenye mapishi. Dakika hazisaidii hapa, maana nazi mbili za mnazi mmoja hazina maji sawa.

Angalia sufuria yenyewe. Mwanzoni mchanganyiko unatokota kwa mapovu madogo mepesi na mwiko unapita bila kazi. Baadaye mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole, na sauti inashuka. Mwisho mchanganyiko unaacha kuta za sufuria: ukivuta mwiko katikati, unaona chini ya sufuria kwa muda kabla njia haijajifunga, na pembeni kunabaki utando mweupe wa sukari unaokauka. Hapo ndipo pa kutoa. Kabla ya hapo ni mapema, hata kama mkono umechoka.

Tiba ni rahisi. Kwangua yote kutoka kwenye sinia, rudisha sufuriani, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka dalili hizo zionekane. Haidhuru ikiwa ilishapoa. Nimeona watu wakiiweka frijini wakitumaini itaganda. Itakuwa ngumu ikiwa ya baridi, ukiitoa inalainika tena, maana maji hayakwenda popote.

Ukirudia mara ya pili na bado haishiki, hapo ndipo uitazame nazi. Koroma halifai kwa kashata: nyama yake ni laini, ina maji mengi na mafuta kidogo. Tumia nazi iliyokomaa, ile ambayo ukiitikisa maji yanagonga ndani na ganda lake ni la kahawia iliyoiva. Kwa kiasi, nazi iliyokunwa vikombe viwili inataka sukari kikombe kimoja na nusu na maji nusu kikombe. Ukipunguza sukari kwa ajili ya afya, jambo ambalo naliheshimu, jua kwamba sukari ndiyo inayoshikisha. Chini ya kikombe kimoja kwa nazi vikombe viwili, unachopika si kashata tena, ni nazi tamu ya kulia kijiko.

Kashata imekuwa chenga, inamomonyoka ukiikata

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza: shira imepitiliza, au umechelewa kukata. Kashata ya nazi hushika kwa sababu sukari inarudi kuwa chembe ndogondogo. Ukiikoroga vizuri mwishoni, chembe zinakuwa ndogo na kashata inakuwa laini mdomoni. Ukiizidishia moto, chembe zinakauka hazina kitu cha kuzishikanisha.

Rudisha sufuriani na vijiko vitatu vya chakula vya maji, au tui zito kama unalo, moto mdogo kabisa, mpaka chenga ziyeyuke. Kisha pika upya kwa dakika chache na utoe kwa dalili ileile ya sufuria. Safari hii kata mapema. Paka sinia mafuta kabla, mwaga, sambaza haraka kwa mgongo wa upawa uliolowekwa maji, na baada ya dakika tano hadi kumi, ikiwa bado ya moto lakini haitiririki, pitisha kisu kwa mshazari kupata vile vipande vya pembe nne tulivyovizoea. Usivitenganishe. Chora tu, acha ipoe kabisa, halafu vunja.

Kuna chenga ya aina nyingine, kubwa, inayokwaruza kwenye meno tangu mwanzo. Hiyo ni sukari ambayo haikuyeyuka kabla ya kuchemka. Sukari yetu ya punje kubwa inataka muda: weka na maji kwenye moto mdogo, koroga mpaka usisikie mkwaruzo wowote chini ya mwiko, ndipo uongeze moto.

Na kama umetumia chicha iliyokwisha kukamuliwa tui ili usiitupe, kashata itakuwa kavu na itakwaruza koo hata ukifanya kila kitu sawasawa. Mafuta ya nazi yalishaondoka na tui. Aliye Muscat au London anayetumia nazi kavu ya pakiti ana tatizo linalofanana na hilo, ila lake lina dawa: loweka kila kikombe cha nazi kwa robo kikombe cha maziwa ya moto au tui la kopo, funika nusu saa, kisha pika kama kawaida.

Rangi ikiwa ya kahawia badala ya nyeupe, ama moto ulikuwa mkali, ama sukari ni ya kahawia, ama ulipokuwa kwenye mbuzi ulikuna mpaka ngozi nyeusi ya nazi. Haina madhara kwenye ladha. Lakini anayetaka ile kashata ya tabaka mbili, nyeupe chini na ya waridi juu, lazima aache kukuna nyeupe inapoanza kuisha. Harufu ya sabuni ni jambo jingine kabisa: nazi imechacha, na hakuna iliki itakayoificha. Onja kipande kabla hujakuna.

Kashata ya karanga: sukari imegeuka mchanga, au imekuwa chungu

Hapa sukari inapikwa mpaka iwe ya rangi ya asali, na matatizo yake ni mawili makubwa.

Mchanga kwanza. Umeweka sukari na maji, inachemka vizuri, ghafla inakuwa nyeupe na kukauka. Ulikoroga. Punje moja iliyobaki kwenye ukuta wa sufuria ikirudi katikati, inaita nyenzake, na sufuria nzima inaganda. Sukari ikishayeyuka na kuanza kuchemka, weka mwiko chini. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria uizungushe. Kamulia matone machache ya ndimu: asidi inaivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zinazuia chembe kupangana. Kama imeshageuka mchanga, usitupe. Ongeza maji nusu kikombe uanze upya, au iache kwenye moto mdogo iyeyuke yenyewe. Itayeyuka, na itafika kwenye rangi ya asali kwa njia ndefu kidogo.

Uchungu hauna tiba. Sukari iliyoungua imeungua. Kati ya rangi ya asali na rangi ya kahawa kuna sekunde, hasa kwenye jiko la umeme ambalo linabaki na moto hata baada ya kuzima. Mwenye jiko hilo aondoe sufuria kabisa, si kuzima tu. Toa ikiwa ya rangi nyepesi kidogo kuliko unayoitaka, kwa sababu sufuria nzito inaendelea kupika.

Karanga ziwe za moto zinapoingia. Ukimwaga karanga baridi, sukari inashtuka na kuganda mafungu mafungu kabla hujachanganya. Zikaange, pepeta maganda, uziache kwenye kikaango kwa moto wa chini zikisubiri. Na zichambue kwa macho kabla ya yote: iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kwa sukari, na watoto ndio walaji wakubwa wa kashata hizi.

Watoto hao hao wasiwe karibu na jiko wakati huu. Maji ya moto yakikumwagikia yanateremka, lakini sukari ya nyuzi 150 inashika ngozi na kuendelea kuunguza. Weka beseni la maji baridi karibu. Wakitaka kusaidia, wape kazi ya kupepeta maganda.

Kaimati zimelowa, zimelala

Kata moja kabla hujaitia kwenye shira. Hatua hii ndogo inaokoa ubishi mwingi, kwa sababu kaimati iliyonyonya mafuta na kaimati iliyonyonya shira zinafanana kwa nje. Ukiikata ikiwa bado haijaguswa na sukari ukaona ndani ni wazi, yenye matundu, na kuta zake kavu, basi karai haina kosa. Ukiona ndani pamelowa na kidole kinang'aa mafuta, shida iko kwenye karai au kwenye unga.

Tuseme ni mafuta. Hayakuwa ya moto wa kutosha. Yanatakiwa yawe kati ya 170 na 180. Dondosha kidogo cha unga, kizame, kisha kiibuke mara moja kikiwa kimezungukwa na mapovu. Kikikaa chini, subiri. Kikiibuka na kuwa kahawia papo hapo, punguza moto, la sivyo utapata ganda zuri na ubichi ndani. Usijaze karai pia, maana kila tonge linashusha joto. Unga uliozidi kuumuka nao hunywa mafuta: ukiona mapovu yameanza kuporomoka juu na harufu ni ya kuchacha, umechelewa. Upige kwa mkono tena, ongeza unga kidogo, acha robo saa, kaanga. Kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa Januari, unga wa vikombe viwili wenye kijiko kimoja cha chai cha hamira unaweza kuwa tayari kwa chini ya saa moja. Arusha mwezi wa Julai itachukua karibu mara mbili.

Kaimati zenye mikia zinaonyesha unga mwepesi mno au mkono mkavu. Lowanisha mkono, bana unga utokee kati ya kidole gumba na cha shahada, uchukue kwa kijiko kilicholowa. Kaimati ngumu, isiyo na matundu, haikupigwa. Unga wa kaimati hausukumwi, unapigwa kwa kiganja kutoka chini kuja juu mpaka unavutika na kutoa mlio.

Sasa kama kaimati ilikuwa nzuri na imeharibika baada ya sukari, shira ilikuwa nyepesi. Vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, matone ya ndimu, chemsha bila kukoroga mpaka upate ule uzi mmoja. Iache ipoe iwe vuguvugu, ndipo uingize kaimati za moto, uzigeuze mara chache, uzitoe. Kaimati za moto ndani ya shira ya moto zinalainika haraka mno. Zote mbili zikiwa baridi, shira inateleza na kubaki chini ya bakuli. Shira ikiganda nyeupe juu ya kaimati, umeipika sana au umesahau ndimu: ongeza maji vijiko viwili, pasha moto, itaachia.

Visheti vinanata, sukari haikuwa nyeupe

Yale niliyosema kuhusu kaimati, hapa yageuze. Kwenye visheti tunataka sukari igande, iwe ganda jeupe kavu linalovunjika jinoni. Kwa hiyo ndimu usiweke kabisa, na kukoroga ndiyo kazi yenyewe. Watu wanaotumia shira moja kwa kaimati na visheti, ili kuokoa muda wa Ramadhani, ndio wanaolalamika kila mwaka kwamba visheti vinanata. Shira yenye ndimu haitaganda hata ukiikoroga mpaka magharibi.

Pika shira mpaka kibonge kishike umbo lake majini. Mwaga juu ya visheti vilivyopoa kabisa kwenye sufuria pana, kisha geuza kwa miko miwili, kutoka chini kuja juu, bila kusimama. Dakika za kwanza vitang'aa na kunata, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Endelea. Ghafla shira inapoteza mng'ao, inakuwa kama ukungu, halafu visheti vinaanza kuachana na kugongana kwa mlio mkavu. Vikikataa, rudisha sufuria kwenye moto mdogo ukiendelea kugeuza. Maji yaliyobaki yataondoka na sukari itageuka. Na sukari ikiganda bonge moja kabla haijafika kwenye visheti vyote, ongeza maji vijiko vitatu, pasha, anza tena kugeuza.

Visheti vigumu vya kutafuna kwa shida vimekosa samli. Kwa nusu kilo ya unga, vijiko vinne vya chakula vya samli ya moto, uifikiche mpaka unga ukibanwa mkononi ushikane, ndipo utie tui kidogo kidogo. Vikifumuka kwenye mafuta, samli imezidi au unga ni mkavu. Kanda upya na tui kijiko kimoja. Vikaange kwa moto wa wastani, taratibu, vikauke mpaka ndani.

Ubuyu umekuwa bonge, au rangi inabaki mikononi

Shira nyepesi, ndiyo sababu ya yote mawili. Unga mweupe wa ubuyu una asidi nyingi, na ukichemshwa muda mrefu ndani ya shira unafanya kazi ileile ya ndimu: sukari haigandi, inanata. Kwa hiyo pika shira kwanza, pamoja na rangi ya chakula, iliki, pilipili na chumvi kidogo, mpaka izidi ule uzi mmoja. Toa motoni, mwaga ubuyu, geuza haraka mpaka kila mbegu ivae. Ukishakuwa bonge, utandaze kwenye sinia juani au kwenye oveni ya moto mdogo, uutenganishe kwa mikono ukikauka. Rangi iwe ya chakula, iliyoandikwa hivyo kwenye chupa au pakiti.

Jana vilikuwa vikavu, leo vimelowa

Sukari huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, zaidi wakati wa masika. Kashata ya karanga ndiyo inayoathirika kuliko zote. Viache vitafunio vipoe kabisa kabla ya kufunika, maana ukifunika vya moto mvuke wake wenyewe unavilowesha, kisha tia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na karatasi kavu kati ya tabaka na tabaka. Visheti hukaa wiki kadhaa hivyo. Kashata ya nazi ni ya siku nne au tano, kwa sababu ya nazi yenyewe. Kaimati hazihifadhiki: kaanga za kuliwa jioni hiyo, na unga uliobaki ufunike uweke frijini, kesho uupige tena kabla ya kukaanga.